MITA YA EKSREI IKIONYESHA SUFURI, USIFURAHI



Nimeombwa niseme juu ya ile mita ndogo ya mkononi inayopima miali itokayo katika mashini ya eksrei. Wengi wetu twaijua eksrei ya kifua. Lakini chuma nacho hupigwa eksrei. Fundi akisha kuunga tangi au bomba kwa moto, mashini huwekwa upande mmoja na filamu upande wa pili, na ufa uliojificha ndani huonekana. Ni kazi njema. Taabu ni kwamba miali hiyo haina harufu wala sauti, na ukisimama mahali pabaya hutajua bila mita.

Basi kwanza tazama karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mita: ilikaguliwa lini? Ikiwa imepita mwaka, irudishwe. Kisha pima betri. Halafu iwashe, mashini ikiwa bado imezimwa, uiangalie. Hapa ndipo wengi hukosea. Mita iliyo hai haikai kimya. Huonyesha kidogo, kama 0.1 ya maikrosiverti kwa saa, kwa sababu ardhi na anga zina miali yao. Ikishikilia sufuri tu, usiseme ni salama.

Nasema hivi kwa kuwa yalinipata. Mahali fulani nilipofanya kazi zamani tuliwekwa kulinda kamba ya kuzuia watu. Mkubwa wa kazi akatuonyesha mita: sufuri. Tukasogea, tukala chakula chetu palepale karibu na mashini. Alasiri mwenzetu mmoja akafungua kifuniko cha betri, akakuta zimeoza na kutoa maji. Kutwa nzima tulilindwa na sanduku tupu. Mpaka leo hakuna awezaye kuniambia nilipata miali kiasi gani siku ile.

Mashini ikiwashwa, anza mbali, uje polepole, maana mita huchukua sekunde kadhaa kutulia. Pima pande zote, si mbele tu. Miali hugonga chuma na ukuta ikarudi. Umbali ukiwa mara mbili, miali hubaki robo. Tena jambo moja la hatari: mita za aina ya Geiger huweza kuzidiwa na miali mikali zikarudi sufuri. Namba ikipanda halafu ikaanguka ghafula nawe unasonga mbele, rudi nyuma upesi.

Kipimo kinachokubaliwa na mataifa kwa mtu ambaye kazi yake si ya miali ni milisiverti 1 kwa mwaka. Mfanya kazi wa miali ni 20, wastani wa miaka 5. Na mfagiaji je? Yeye kazi yake ni ufagio, kwa hiyo ni 1. Piga hesabu: saa 2,000 za kazi mahali penye nusu ya maikrosiverti kwa saa, hiyo 1 imekwisha.

Kwa hiyo naomba halmashauri ya tawi ipeleke neno hili kwa wakubwa: kila siku kabla mashini haijawashwa, mita ionyeshwe kwa wote walio karibu, wafagiaji pia, na namba iandikwe katika daftari ambalo kila mtu aweza kulisoma.

Mita moja nimeiazima, iko hapa mezani. Njoni mmoja mmoja muishike.