Bima ya mzee isiishie hospitalini

Msikilizaji wa Mpanda, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 inataka asiye na uwezo agharamiwe. Lakini bima hulipia daktari na dawa. Mzee aliyepooza huhitaji kugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache asipate vidonda. Kazi hiyo nani anailipia? Wapo wasemao ni wajibu wa watoto. Ni kweli, ila binti anayeacha shamba msimu mzima hupoteza chakula cha nyumba nzima. Bima imlipe mhudumu wa afya ngazi ya jamii amsaidie binti huyo; kidonda kikizuiwa, mzee hahitaji kulazwa. Hadi hilo litimie, wenye wazee, ulizieni kitambulisho cha matibabu cha mzee kwa mtendaji wenu wa kijiji au mtaa.