Asiye na Kwao



Katika Yubilei hii twawakumbuka waliotutangulia. Tusisahau ya kuwa wa kwanza wao walikuwa watu wasio na kwao. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufunguliwa minyororo si kupewa nyumba. Mtu aliyetwaliwa angali mtoto, hata jina la kijiji chake amelisahau, atarudi wapi? Huko Mbweni walipewa nyumba ndogo na kishamba. Na mwaka 1876 baadhi yao walifuatana na Askofu Steere hata Masasi, wakajenga.

Nami ninalo neno la kuungama. Masika yaliyopita mtu mmoja alikuwa akilala katika baraza ya kanisa letu. Sisi wazee tulimwondoa, tukisema, "Anapachafua mahali patakatifu." Usiku ule mvua ilinyesha hata alfajiri. Wala hatukumwuliza jina lake.

Wahenga walinena: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twalitumia neno hili kumfukuzia mtu. Lakini jembe lamfaa nini asiye na pa kulima, wala pa kulaza kichwa akiisha kulima?

Basi, akija mwingine, tumwulize kwanza jina lake, kisha alikotoka, kisha tumtafutie mahali na kazi. Nanyi walimu, wafundisheni watoto wasimzomee. Wazee wetu walipokewa. Itakuwa aibu sisi tusipopokea.