Sauti ya Tatu

Wasikilizaji wetu, na hasa ninyi wa Mkuyuni chini ya milima ya Uluguru, katika kwaya zenu wamo vijana waimbao sauti ya tatu, iitwayo tenori. Wazazi hutuuliza sisi walimu, Je, kuimba ni kazi? Twajibu kwa habari za Levy Sekgapane, aliyezaliwa Kroonstad, Afrika Kusini, mwaka 1990.

Huyu alisomea uimbaji katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2015 alishinda mashindano ya Belvedere huko Amsterdam. Na mwaka 2017, mjini Astana, akapata tuzo ya kwanza ya wanaume katika mashindano ya Operalia.

Opera ni mchezo ambao maneno yake huimbwa, na mwimbaji hana budi kusikika juu ya fidla na tarumbeta nyingi pasipo kipaza sauti. Walakini yeye hapigi kelele. (Wengi makwayani hudhani mwenye kelele ndiye hodari, sivyo kabisa.) Sauti yake ni nyepesi, yapanda juu sana na kukimbia upesi, ndiyo sababu huimba sana kazi za Rossini, Mwitalia, kama vile sehemu ya Almaviva katika Il barbiere di Siviglia ya mwaka 1816. Sauti nyepesi ikitwikwa nyimbo nzito mapema, huweza kuharibika.

Na ujira je? Mwimbaji wa opera asiyeajiriwa na jumba moja hulipwa kwa kila onyesho. Akiugua koo asiimbe, kwa kawaida hukosa fedha ya usiku ule.