Mifumo ya Utawala Baada ya Ukoloni na Dirisha la Usajili: Mtazamo kutoka Garissa



Barua ya mwaliko ilinitaka nilinganishe mifumo ya kisiasa ya nchi zinazoendelea zilizopitia ukoloni. Nitaitii barua, ila mnanifahamu. Haitachukua muda kabla sijarudi kwenye jambo langu, kitambulisho.

1. Maana ya maneno

Mfumo wa kisiasa ni utaratibu wa kupata madaraka, kuyagawa na kuyadhibiti. Kuna serikali ya umoja na shirikisho, ya rais na ya waziri mkuu. Kuna mkoloni aliyetawala kupitia wenyeji, kama Mwingereza na Kabaka wa Buganda, na kuna aliyeleta maafisa wake mpaka kijijini. Haya yamo katika vitabu vya shule, kwa hivyo tusonge mbele.

2. Kipimo cha kulinganisha

Wasomi wengi hulinganisha katiba na mabunge. Kwa kipimo hicho Kenya imebadilika mara nyingi: katiba ya majimbo mwaka 1963, jamhuri 1964, chama kimoja kisheria 1982, vyama vingi 1991, katiba mpya 2010 na kaunti 2013. Mtu wa Balambala au Fafi, kwetu Garissa, akisomewa orodha hii atauliza: chifu naye alibadilika lini? Tanganyika iliondoa uchifu katika utawala mwaka 1963. Sisi tulirithi utawala wa mikoa na sheria ya machifu ya 1937, tukaendelea navyo.

Napendekeza kipimo kingine. Raia anapofika ofisini mara ya kwanza kuomba karatasi ya kumtambua, ni nani anayepaswa kuthibitisha? Ni serikali ithibitishe kuwa huyu si wake, au ni yeye athibitishe kuwa si mgeni?

Kwa kipimo hiki, nchi zenye mifumo tofauti kabisa hufanana. Kongo, iliyotawaliwa na Wabelgiji, iliwapa uraia watu wengi wenye asili ya Rwanda kwa sheria ya 1972, ikauondoa kwa sheria ya 1981. Matokeo ya kuchezea uraia kwa kalamu yanaonekana Kivu, mashariki mwa nchi hiyo, hadi leo. Côte d'Ivoire, iliyotawaliwa na Wafaransa, ilianza kuuliza nani ni mwenyeji halisi, na vita vilivyozuka 2002 vilikuwa pia vita vya karatasi. Katiba ya Uganda ya 1995 inaorodhesha jamii zilizokuwamo katika mipaka ya nchi tarehe 1 Februari 1926. Tarehe hiyo ya mkoloni bado ni mizani ya uraia. Upande wa pili, Tanzania iliwakubalia uraia wakimbizi wapatao 162,000 wa Burundi waliokuwa wameingia tangu 1972, na tangazo likatolewa 2014. Wala haikuhitaji kubadili mfumo wake wa kisiasa ili kufanya hivyo.

3. Hali ya Kaskazini Mashariki

Nitakaa hapa.

Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za pembezoni, iliyowezesha eneo kufungwa hata mtu asiingie bila kibali. Mwaka 1934 ikaja sheria ya wilaya maalumu, iliyompa afisa mamlaka makubwa juu ya watu na mifugo yao. Katika sehemu nyingine za Kenya mkoloni alitaka ardhi na nguvu kazi, ndiyo maana kipande, yaani kitambulisho cha mfanyakazi, kilimfunga mtu kwa mwajiri. Huku alitaka ukanda wa kinga. Mtu wa kusini aliandikwa ili afanye kazi. Wa kaskazini alizuiliwa ili asionekane. Uhuru ulipofika, hata mwezi haujaisha, tarehe 28 Desemba 1963 hali ya hatari ilitangazwa katika mkoa huu. Kanuni zake zilidumu hadi 1991. Kwa hivyo mwenzangu aliyezaliwa 1964 alitimiza miaka 27 kabla hajaishi siku moja chini ya sheria za kawaida za nchi yake. Si ajabu wazee wakivuka daraja la Tana husema wanakwenda Kenya.

Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya waliamriwa kujiandikisha upya, na waliopita uchunguzi wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho walichokuwa nacho. Hoja ilikuwa usalama. Siidharau hoja hiyo. Mimi ni mkazi wa mji ulioshuhudia shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la 2 Aprili 2015. Lakini kadi hiyo ilitufundisha kwamba kitambulisho cha Msomali hakijitoshelezi, kinahitaji shahidi. Shahidi huyo ndiye tuliyekuja kumwita vetingi, yaani uchunguzi wa ziada wa uraia.

Kijana anayetimiza miaka 18 katikati ya nchi huenda na cheti cha kuzaliwa na vitambulisho vya wazazi, akachukuliwa alama za vidole. Wa kwetu alipelekwa pia mbele ya kamati ya wazee na maafisa, ikakaa siku ilipoitwa, akaulizwa ukoo, ukoo mdogo, babu wa babu na kisima alichonyweshea mifugo. Aliyezaliwa mjini, ambaye hajui hata ngamia hukamwa upande gani, alianguka mtihani huo. Nimewahi kumsindikiza kijana mmoja mara nne hadi ofisi moja ambayo sitaitaja. Mara ya tatu aliambiwa mzee wa ukoo wake hayupo. Mzee alikuwa nje, chini ya mti. Muda wa kuomba mkopo wa chuo ukapita.

Na wapo walio katika hali mbaya zaidi. Kambi za wakimbizi za Dadaab zilianza 1991. Ukame ulipouma, familia za Kikenya jirani na kambi ziliwaandikisha watoto kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula na matibabu. Mtoto alichukuliwa alama za vidole. Leo ni mtu mzima, mashine inamwambia ni mkimbizi. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watu wapatao 40,000. Katika baadhi ya familia, mama ana kitambulisho, kaka anacho, aliyeandikishwa kambini hana.

Ugatuzi haukutibu hili. Gavana anaweza kujenga zahanati na kuchimba kisima, lakini Jedwali la Nne la Katiba limeuacha uraia mikononi mwa serikali kuu. Tulipewa kaunti, dirisha likabaki lilelile.

Mwezi Februari 2025, mjini Wajir, Rais alitia saini tamko la kuondoa vetingi hii ya ziada. Tunashukuru, na nasema hivyo bila unafiki. Hata hivyo tamko hutekelezwa na karani, na karani hutaka waraka.

4. Mapendekezo

Tamko la 2025 liingizwe katika sheria ya usajili wa watu, ili rais mwingine asilifute kwa tamko lingine. Jukumu la kuthibitisha lihamie kwa serikali: anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na siku ya kukata rufaa. Nasisitiza kwa maandishi. Walioandikishwa kambini watolewe katika orodha ya wakimbizi kwa utaratibu wenye muda maalumu, si kwa zoezi linaloanza na kukatika. Sababu za kukataliwa ziandikwe. Nimelisema, nalirudia, kwa sababu kila warsha hukubaliwa kisha hupotea katika ripoti.

Tuige Côte d'Ivoire, ambako baada ya makubaliano ya amani ya 2007 mahakama za kuhamahama zilikwenda vijijini kutoa hati za kuzaliwa. Jamii inayohama haiwezi kungoja hati mjini. Usajili wa kuzaliwa uanzie kliniki za kaunti, maana huko ndiko kaunti ina uwezo. Mapendekezo ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 yafufuliwe. Machifu wafunzwe upya, na wazee wasifanywe mahakimu wa uraia wa watoto wa ukoo mwingine; kuna mengine hapo ambayo adabu inanizuia kuyasema kikaoni.

La mwisho ni dogo na halihitaji bunge: dirisha la usajili lifunguliwe siku ya mnada wa mifugo. Siku hiyo wachungaji wote wapo mjini, na hadi jioni wameshaondoka.