Picha za Vita Zisizotoka Vitani



Mwaka 1999, Marek Španěl na nduguye Ondřej walishiriki kuanzisha mjini Prague, katika Jamhuri ya Cheki, kampuni ya kutengeneza michezo ya kompyuta iitwayo Bohemia Interactive. Mchezo wake wa kwanza, Operation Flashpoint, ulitoka mwaka 2001. Humo mchezaji ni askari wa kawaida ambaye risasi moja yaweza kumwua.

Mapigano hayo yalikaribiana mno na ya kweli, hata majeshi yakavutiwa. Kazi hiyo ikazaa programu ya mafunzo iitwayo VBS, iliyotumiwa na wanamaji wa Marekani na jeshi la Australia. Askari waliweza kujizoeza mbinu za kikosi pasipo kutumia risasi wala mafuta.

Hata hivyo, kuuiga ukweli kuna hatari zake. Mnamo Septemba 2012, watumishi wawili wa kampuni hiyo walikamatwa katika kisiwa cha Lemnos, nchini Ugiriki, wakituhumiwa kupiga picha sehemu za kijeshi. Kampuni ilisema walikuwa likizoni. Kisiwa hicho ndicho kilichoigwa katika mchezo wa Arma 3, uliokuwa ukitengenezwa. Walikaa mahabusu zaidi ya miezi minne, wakaachiwa kwa dhamana Januari 2013. Mchezo ulipotoka mwaka huo, kisiwa chake kilikuwa kimepewa jina la kubuni, Altis.

Hatari kubwa zaidi ilikuja baadaye. Picha za Arma 3 zilisambazwa kana kwamba ni za vita vya Afghanistan, Syria na Ukraine, na baadhi ya vyombo vya habari vikadanganyika. Novemba 2022 kampuni yenyewe ilitoa tahadhari: picha za namna hiyo aghalabu hazionekani vizuri, hutikisika, huonyesha usiku, hazina sauti, na ni nadra kuonyesha watu wakitembea.

Tahadhari hiyo inamhusu kila askari na polisi. Picha ya uongo yaweza kuzusha hofu mjini, kuchochea kisasi, au kumpotosha kamanda anayetakiwa kutoa amri. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kabla ya kuisambaza picha, mlinzi wa amani hana budi kuuliza: imepigwa wapi, lini, na nani?