Asilimia 70 ya Nini?

Leo tunazungumza hela, na hasa hela za vitabu. Kila nikigusia habari za vitabu, swali linalonirudia ni hilihili: kitabu kisicho na karatasi wala wino, ambacho hakikupanda lori wala meli, kinauzwaje dola 14.99? Halafu kuna swali la pili, ambalo wenye miswada huuliza kwa sauti ya chini: mwandishi anaondoka na ngapi hapo?

Wengi huyachukua maswali haya mawili kuwa ni moja. Lakini bei inapangwa mahali pamoja, mgao unaandikwa mahali pengine, na imewahi kutokea bei ikapanda dukani siku ileile ambayo pato la mwandishi lilishuka. Tuanze na hapo, maana kisa chenyewe ni kitamu.

Novemba 2007 Amazon walitoa Kindle, kifaa cha kusomea, kwa dola 399. Vitabu vipya vinavyovuma wakavibandika bei ya dola 9.99. Utaratibu wa kununua ulikuwa ule wa bei ya jumla ambao kila mwenye duka anaujua: mchapishaji ana kitabu cha jalada gumu cha dola 26, anamuuzia muuzaji kwa karibu nusu, yaani dola 13, na muuzaji anapanga mwenyewe atauza ngapi. Kitabu cha kielektroniki nacho kilifuata njia hiyo. Sasa piga hesabu. Amazon wananunua kwa 13, wanauza kwa 9.99. Wanakula hasara ya dola tatu kwa kila nakala, na kwa makusudi, kwa sababu walitaka watu wanunue kifaa na wazoee kununua kwao.

Mchapishaji alikuwa akipokea 13 yake kamili. Mwandishi naye, ambaye mkataba wake kwa kawaida ulimpa asilimia 25 ya kile alichopokea mchapishaji, alipata 3.25. Sasa nani alikuwa analia? Mchapishaji. Alihofia kwamba msomaji akishazoea 9.99 hatagusa tena jalada gumu la dola 26, maduka ya vitabu yatafungwa, kisha huyo muuzaji mmoja aliyebaki atakuja kumwambia: sasa niuzie kwa tano. Mimi naona hofu hiyo ilikuwa na msingi. Walichokifanya baadaye ndicho chenye matatizo.

Januari 2010 Apple wakatangaza iPad, na wakaja na mpango wa uwakala. Chini ya mpango huu muuzaji hanunui kitabu hata kidogo. Yeye ni wakala tu: mchapishaji anapanga bei ya mwisho, wakala anachukua asilimia 30, basi. Wachapishaji watano kati ya sita wakubwa wa Marekani wakakubali. Mkuu wa Macmillan, John Sargent, akaenda Seattle kuwaambia Amazon kwamba nao itabidi waingie kwenye mpango huo. Amazon wakajibu kwa kuondoa vitufe vya kununulia kwenye vitabu vya Macmillan, vya kielektroniki na vya karatasi pia. Mwandishi ambaye hakuwa na habari yoyote ya kikao hicho aliamka akakuta kitabu chake kipo dukani lakini hakinunuliki. Amazon walisalimu amri baada ya siku chache, na bei zikapanda hadi 12.99 na 14.99.

Shikeni kalamu hapa. Kitabu kilekile sasa kinauzwa 12.99. Wakala anachukua asilimia 30, mchapishaji anabaki na dola 9.09. Zamani alipata 13. Mwandishi anapata asilimia 25 ya 9.09, yaani dola 2.27. Zamani alipata 3.25. Msomaji analipa dola tatu zaidi, mchapishaji anapokea karibu dola nne pungufu, na mwandishi kapoteza karibu dola moja kwa kila nakala. Aliyepumua ni muuzaji, ambaye hasara ya dola tatu imegeuka faida ya karibu dola nne. Wachapishaji walikubali kupokea kidogo ili mradi wao ndio wapange bei. Waandishi hawakuulizwa.

Aprili 2012 serikali ya Marekani ikawashtaki Apple na wachapishaji hao watano kwa kula njama ya kupandisha bei. Wachapishaji walimalizana na serikali. Apple wakapigana, na Julai 2013 Jaji Denise Cote akaamua kwamba walivunja sheria. Rufaa zilipoisha mwaka 2016, Apple wakalipa dola milioni 450. Baadhi yenu mlioko Marekani mliona vijidola vimeingia kwenye akaunti zenu za vitabu mwaka huo mkadhani ni zawadi. Ndiyo hizo.

Kisha mwaka 2014 Amazon na mchapishaji Hachette wakagombana tena, na hoja ya Amazon safari hii ilikuja na namba: kitabu ambacho kingeuza nakala 100 kwa dola 14.99 kitauza nakala 174 kwa 9.99. Ukizidisha utaona wanasema kweli kuhusu hesabu yao: 1,499 dhidi ya 1,738. Bei imeshuka, mapato yamepanda. Ila namba hiyo inahesabu nakala za kielektroniki peke yake. Haisemi ni wangapi kati ya hao 74 wa ziada wangenunua cha karatasi, wala duka la mtaani linabaki na nini. Hachette walipata haki ya kupanga bei zao Novemba mwaka huo, na hadi leo wachapishaji wakubwa ndio wanaopanga. Kwa hiyo ukiona 14.99, usimlaumu muuzaji. Mara nyingi bei hiyo imewekwa makusudi ili isikiue kitabu cha karatasi.

Na karatasi yenyewe? Kuchapa riwaya ya jalada gumu ni dola chache tu kwa nakala. Uhariri, usanifu wa jalada, masoko, na malipo ya awali ambayo mwandishi harudishi hata kitabu kikidoda, vyote hivyo vipo hata kama hakuna karatasi hata moja. Hapo nawatetea wachapishaji. Nisipowatetea ni kwenye ile asilimia 25. Katika jalada gumu la dola 26, mwandishi aliyeuza vizuri hufikia asilimia 15 ya bei ya dukani: dola 3.90. Kwenye kielektroniki anapata 2.27, huku mchapishaji akibaki na 6.82 isiyo na uchapaji, ghala, wala vitabu vinavyorudishwa na maduka. Mkataba ukikuambia 15 huku na 25 kule, jicho linakimbilia 25. Uliza kwanza: asilimia ya nini? Ya bei ya dukani au ya kilichomfikia mchapishaji?

Haya, wengi wenu hamna mchapishaji New York. Mna mswada na kompyuta. Mnataka kujichapishia wenyewe kwa Amazon, na mmesikia neno tamu: asilimia 70.

Asilimia 70 ipo, lakini ina masharti. Bei iwe kati ya dola 2.99 na 9.99. Nje ya hapo unapata 35. Halafu kabla ya kukupa 70 yako wanakata gharama ya kupeleka faili kwa msomaji, na kwa duka la Marekani gharama hiyo ni senti 15 kwa kila megabaiti. Riwaya ya maneno matupu haioni tofauti kubwa. Lakini dada yetu anayeandika kitabu cha mapishi, biriani, mkate wa mofa, samaki wa kupaka, kila ukurasa picha, faili lake linafika megabaiti 20. Hiyo ni dola tatu. Bei yake ni 4.99. Inabaki 1.99, asilimia 70 yake ni dola 1.39. Angechagua asilimia 35, ambayo haikatwi gharama ya faili, angepata dola 1.75. Asilimia nusu, hela nyingi zaidi! Kama umepakia picha nyingi, zipunguze ukubwa kwanza, kisha piga hesabu zote mbili kabla ya kubonyeza.

Sharti la tatu ndilo linalotuhusu sisi kuliko mtu mwingine yeyote. Asilimia 70 hulipwa mnunuzi akiwa katika nchi zilizomo kwenye orodha yao. Marekani imo, Uingereza, Kanada, Ujerumani zimo. Kenya haimo, Tanzania haimo. Mnunuzi wa Mwanza anapolipa 4.99, mwandishi anapata 35. Mnunuzi wa Leeds anapolipa bei hiyohiyo kwa kitabu hichohicho, mwandishi anapata 70. Ndiyo maana huwa nawaambia wasomaji wa ughaibuni walio katika nchi hizo: kwa mwandishi wa nyumbani, ununuzi wako wa halali unaleta karibu mara mbili ya ununuzi wa jirani yake, kabla ya kodi.

Tena kuna kodi ya zuio. Mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani, mwandishi akiwa mkazi wa nchi isiyo na mkataba wa kodi na Marekani, hukatwa asilimia 30 kabla haujatoka. Kenya na Tanzania hazina mkataba huo. Oman haina, na Falme za Kiarabu hazina. Uingereza na Ujerumani zinao, na kwa mrabaha wa vitabu makato ni sifuri, mradi umejaza fomu ya W-8BEN sawasawa. Kama wewe si raia wa Marekani, kinachoangaliwa ni ukazi wako wa kikodi, pasipoti haihusiki. Ndugu wawili wa tumbo moja, mmoja Tanga, mwingine Birmingham, kila mmoja mrabaha wa dola 1,000 kutoka Marekani: wa Tanga anapokea 700. Wa Birmingham anapokea 1,000, kisha anamalizana na mamlaka ya kodi ya Uingereza mwenyewe.

Najua mnachokifikiria, maana nami nimepigiwa simu hizo. “Mwanangu, naomba unifungulie akaunti huko kwa jina lako.” Mjomba ameandika kumbukumbu za maisha yake, nani atamkatalia? Lakini kwa macho ya serikali ya huko uliko, hela hiyo ni kipato chako na kodi ni yako. Akaunti ikiwa kwa jina lako, siku mkikosana, au siku mmoja wenu akifariki, warithi wataanza kuuliza kitabu ni cha nani. Kama lazima ufanye hivyo, andikeni karatasi moja: hakimiliki ni ya nani, wewe unachukua kiasi gani, kodi inatoka kwenye fungu la nani. Na uonane na mhasibu wa nchi yako kabla mauzo hayajaanza.

Kuhusu Kiswahili chenyewe, nitasema kwa ufupi kwa sababu nikianza sitanyamaza. Kwa miaka mingi orodha ya lugha zinazokubaliwa kwa vitabu vya Kindle ilikuwa na Kiafrikana, Kiaislandi, na hata Kimanx cha kisiwa kidogo cha Man, lakini haikuwa na Kiswahili. Angalieni orodha kabla ya kupakia. Kuna milango mingine, kama Google Play na Kobo, na kwa wachapishaji wa nyumbani kuna African Books Collective, iliyoanzishwa na wachapishaji wa Afrika wenyewe na inayoviuza nje vitabu vya nyumba kama Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Wengine wanauza wenyewe: mteja anatuma M-Pesa, mwandishi anatuma faili kwa WhatsApp. Hapo mwandishi anabaki na karibu bei yote. Tatizo ni kwamba faili hilo kesho yake liko kwenye kikundi cha ukoo, keshokutwa liko kwenye kikundi cha harusi ya watu usiowajua.

Wanaotaka kuingia Kindle Unlimited, huduma ya Amazon ya kusoma kwa usajili, wajue kwamba tangu Julai 2015 malipo huko ni kwa ukurasa uliosomwa, na ukurasa mmoja huleta chini ya nusu senti. Kitabu cha kurasa 300, kikisomwa hadi mwisho, hakifiki dola moja na nusu. Anayekiacha ukurasa wa 40 anakulipa kurasa 40. Kwa riwaya za mapenzi na za upelelezi za mfululizo inaweza kulipa. Kwa diwani ya mashairi, sahau.

La mwisho, na hili ni la mliopewa mkataba na mchapishaji, wa nyumbani au wa ughaibuni. Zamani kitabu kikiisha madukani na mchapishaji asikichape tena, haki zilirudi kwa mwandishi. Kitabu cha kielektroniki hakiishi. Faili linaweza kukaa dukani miaka 30, likiuza nakala mbili kwa mwaka, na mchapishaji akasema: mbona kipo sokoni? Kwa hiyo kifungu cha kurudisha haki kiwe na namba: kitabu kikiuza chini ya nakala kadhaa katika miezi 12, haki zinarudi kwa mwandishi. Iwe 100, iwe 250, hilo mtajadiliana. Mchapishaji akikataa kuandika namba yoyote, muulize yeye anatarajia kuuza ngapi.