Kikomboleo Si Fidia

Mada iliyowasilishwa kwa waandishi wa habari, walimu wa Kiswahili na waongoza watalii wa Karatu na Ngorongoro



Nimeombwa niseme juu ya zile fedha anazodai mtekaji ili amwachie mtu aliyemshika. Wapo wanaoziita fidia, wapo wanaosema fedha za ukombozi, wengine kikombozi, wengine kikomboleo. Msimamo wangu nautoa mapema ili tupate nafasi ya kubishana: ziitwe kikomboleo, au kikombozi kwa anayekipenda, lakini zisiitwe fidia. Ukiniuliza ni wapi nchini jambo hili linahitaji uangalifu zaidi, nitakujibu ni hapa, kwa sababu hapa fidia ni neno la kila siku, na nyuma yake yapo mashamba, maboma na mifugo ya watu.

Tuanze na fidia yenyewe. Anayelipa fidia ni yule aliyesababisha hasara au aliyechukua cha mwenzake. Anayelipwa ni aliyepoteza. Katiba yetu, ibara ya 24, inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi Na. 4 na ile ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za 1999, zinataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema. Tangu 2022, kaya zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera wilayani Handeni, neno hili halijatoka midomoni mwa watu: fidia ya nyumba, fidia ya zizi, nani amelipwa, nani amepunjwa. Awe anaunga mkono uhamaji ule au anaupinga, kila msemaji hulitumia kwa maana ileile. Akisema fidia, anasema haki.

Sasa mtangazaji anasoma saa mbili usiku: "Watekaji wadai fidia ya shilingi milioni 50." Mama anayesikiliza pale Endabash ana haki ya kuuliza watekaji hao wamekosewa nini. Wamechukuliwa shamba? Wameuliwa ng'ombe? Kwa neno moja, mhalifu amegeuzwa mdai, na familia inayolia imewekwa kwenye kiti cha mdaiwa. Kikomboleo hakimpi mtekaji heshima hiyo. Kinataja kazi ya fedha zile tu, yaani kumtoa mtu mikononi mwa aliyemshika, na suala la nani mwenye haki linabaki pale lilipokuwa.

Atainuka mwalimu aniambie kwamba fidia ilikuwa na maana hiyo tangu zamani. Ni kweli. Neno limetoka Kiarabu, na huko fidya hubeba pia maana ya kumkomboa mateka. Biblia ya Union Version hutumia fidia katika Mathayo 20:28 kwa maana hiyohiyo ya kutoa kitu ili wengine waokolewe. Waislamu nao wanaijua fidya ya mtu aliyeshindwa kufunga Ramadhani, ambaye hulisha maskini. Sina ugomvi na msikiti wala kanisa, na mhubiri aendelee na fidia yake. Ninachosema ni kwamba mahakamani, ofisi ya ardhi na kwenye mkutano wa kijiji neno limeshahamia kwenye malipo ya hasara, na msikilizaji wa redio analipokea kutoka huko. Tangu Sheria Na. 1 ya 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hatuna tena ruhusa ya kuwa walegevu.

Kwa nchi yetu, tukio la kulipimia maneno haya ni lile la Gombe, mkoani Kigoma. Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire, yaani Kongo ya leo, wakawachukua watafiti wanne wa kituo cha Jane Goodall, watatu wakiwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford na mmoja Mholanzi. Walikuwa wapiganaji wa Laurent Kabila, huyuhuyu aliyekuja kuwa rais wa Kongo mwaka 1997. Baada ya siku chache walimrudisha mateka mmoja akiwa na barua za madai. Walitaka dola 460,000, walitaka silaha, na walitaka wenzao waliofungwa Tanzania waachiwe.

Hapo mwandishi asiharakishe. Kati ya mambo yale matatu, lililo kikomboleo bila ubishi ni lile la fedha. Silaha, ukipenda, unaweza kuziita kikomboleo cha vitu. Kuachiwa kwa wafungwa ni sharti, au mabadilishano ya mateka na wafungwa, na ukiyatia yote kapu moja la kikomboleo umemficha msomaji kwamba hili lilikuwa jambo la kisiasa pia. Serikali ya Tanzania ilikataa kuyatimiza madai. Fedha zilitolewa kwa upande wa familia, na mateka wote wakarudi wazima kufikia Julai. Balozi wa Marekani Dar es Salaam, Beverly Carter, aliyesaidia mawasiliano, aliingia matatani na Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi yake, Henry Kissinger, kwa sababu msimamo wa Washington ulikuwa kutojadiliana na watekaji. Kwa hiyo ukiandika "Tanzania iliwakomboa watafiti", umeisingizia Serikali. Ukiandika "watafiti walikombolewa", umekwepa swali la nani aliyelipa, nalo ndilo lililomponza balozi.

Hapo tumeshaingia kwenye kitenzi. Komboa kinamtaka mlipaji awe mtenda na mateka awe mtendwa: familia imemkomboa mtoto wao, mtoto amekombolewa kwa shilingi milioni 10. Mtekaji hakomboi. Nimeona tafsiri za haraka za habari za nje zikisema watekaji "wamemkomboa" fulani, mwandishi akimaanisha wamemshika ili walipwe. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha kitendo hicho, na si aibu. Tuseme wamemteka na kudai kikomboleo, au wamemshikilia ili walipwe kikomboleo. Kikomboleo chenyewe hudaiwa, hutolewa, hulipwa, hupokewa, na wingi wake ni vikomboleo. Fedha za ukombozi ningeziepuka. Katika nchi iliyokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1963, fedha za ukombozi zilikuwa michango ya kuwasaidia wapigania uhuru, na wazee wengi bado wanazikumbuka hivyo.

Komboa kina upande wa pili unaotega. Jeshi likiutwaa mji kutoka kwa adui tunasema limeukomboa, wala hakuna aliyelipa senti. Lakini kwa mtu aliyetekwa kwa ajili ya fedha, kitenzi kinanuka pesa. Polisi wakivunja mlango na kumtoa mateka, andika wamemwokoa. Ukiandika wamemkomboa, kesho yake mkuu wa polisi atapigiwa simu na watu wanaotaka kujua amelipa kiasi gani, na utakuwa umemtafutia mambo asiyoyajua.

Nigusie pia neno nyara, maana wilaya hizi zina maana yake ya pekee. Kwingine "kutekwa nyara" inaeleweka mara moja. Hapa, ukipita mahakamani Karatu ukasikia nyara, ni pembe za ndovu, kucha za simba au ngozi ya chui: nyara za Serikali. Kichwa cha habari kama "Wakamatwa kwa nyara Oldeani" kitawapeleka nusu ya wasomaji kwa majangili na nusu kwa watekaji. Kwa binadamu, kuteka kunatosha.

Tuje kwenye komboa ya mtaani, ambayo naipenda, ingawa mwandishi aishike kwa tahadhari. Bodaboda aliyekamatwa hana leseni husema, "Naenda kituoni kuikomboa pikipiki yangu." Mfugaji ambaye ng'ombe wake wameshikwa ndani ya eneo lililozuiliwa husema amekwenda kuwakomboa. Aliyeweka shamba rehani kwa sababu ya ada ya mtoto hulikomboa baada ya mavuno. Katika rehani hakuna tatizo, hiyo ni kazi ya kitenzi tangu zamani. Kwenye pikipiki na ng'ombe, msemaji ameingiza hukumu yake. Sheria inaita malipo yale faini. Yeye anayaona kama fedha za kumtoa mateka. Anayo haki ya kusema hivyo, na mwandishi mzuri atamnukuu neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu. Akilichukua neno hilo na kuandika kwa sauti yake mwenyewe kwamba "wafugaji walipa kikomboleo", amewatangaza askari wa hifadhi kuwa watekaji. Akifuta kauli ya mfugaji na kuacha "faini" peke yake, amemziba mdomo. Andika faini, kisha mwache mfugaji aseme kukomboa. Na kama malipo hayakuwa na stakabadhi, hiyo ni habari nyingine kabisa, yenye jina lake.

Ipo na dia, malipo ya damu. Katika jamii za wafugaji wa eneo hili, mauaji yamekuwa yakisuluhishwa na wazee kwa ng'ombe, na kwa Wamaasai hesabu inayotajwa mara nyingi ni ng'ombe 49 kwa mwanamume aliyeuawa. Huwezi kuiita kikomboleo, kwa kuwa hakuna mtu anayeshikiliwa na aliyekufa harudi. Ukiita fidia hutakosea sana, ila umepoteza upatanisho wa koo mbili uliomo ndani yake. Kumbuka pia kwamba kesi ya jinai mahakamani haifutiki kwa ng'ombe hao.

Nimekiacha nyuma kifuta jasho kwa makusudi, kwa sababu hapo mtaona Serikali yenyewe ikichagua neno kwa hesabu kali kuliko mwandishi yeyote. Vijiji vinavyopakana na msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro, upande wa Oldeani, Rhotia na Mbulumbulu, vinajua usiku wa tembo. Mahindi yamekomaa, watu wanalala shambani na tochi, mabati ya kugonga na moto wa pilipili. Asubuhi mabua yamelala, nyayo ni pana kama sinia. Mwenye shamba anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, afisa kilimo anakuja kupima ekari zilizoharibiwa, fomu inajazwa, inapelekwa kwa afisa wanyamapori wa wilaya, na mtu anaanza kusubiri. Kitakachokuja hakiitwi fidia. Kanuni za 2011, zilizotungwa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, zinakiita kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kwa familia iliyofiwa.

Viwango vya mwanzo vya kanuni hizo vilikuwa shilingi milioni 1 kwa kifo na 500,000 kwa ulemavu wa kudumu. Kwa mazao vilianzia 25,000 kwa ekari hadi 100,000 kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5, na shamba lililo ndani ya nusu kilomita kutoka mpakani halikupata kitu. Msiandike habari kwa viwango vya zamani. Muulizeni afisa wanyamapori vya sasa. Ila jina ndilo linalonihusu hapa. Fidia ingekubali kwamba tembo ana mwenyewe na mwenyewe anadaiwa hasara yote kwa bei ya soko. Kifuta jasho ni pole. Hakuna anayekwenda mahakamani kudai apewe pole zaidi. Binafsi naona mkulima amepunjwa hata kabla ya fomu kujazwa, lakini mwandishi anayeandika "walipwa fidia ya tembo" anampunja mara ya pili, maana anawaambia Watanzania wengine kwamba watu wa Karatu wameshalipwa hasara yao.

Habari za nje nazipitia haraka. Maharamia wa Kisomali walipoiteka meli ya Sirius Star mbali na pwani ya Mombasa mwezi Novemba 2008, kikomboleo cha dola milioni 3 kilidondoshwa kwa parachuti Januari 2009, na baadhi ya maharamia wakazama na mgawo wao. Hapo hakuna wa kubishania neno. Mfanyabiashara Mohammed Dewji alipotekwa Dar es Salaam tarehe 11 Oktoba 2018, familia ilitangaza shilingi bilioni 1 kwa atakayetoa taarifa za kumpata. Hiyo ni zawadi kwa mtoa taarifa, ingawa mitaani wapo walioiita kikomboleo. Nayo programu ya kompyuta inayofunga mafaili na kudai malipo, kama WannaCry ya Mei 2017 iliyotaka dola 300 kwa bitcoin, naipendekezea jina la programu ya kikomboleo. Hoteli zetu zinazopokea wageni kwa kompyuta zitalihitaji.

Kwa kazi ya vikundi baada ya chai, nimeandaa sentensi nne za kusahihisha. Kila kikundi kiseme nani analipa, nani analipwa na kwa haki gani, kisha kichague neno:

"Majambazi wamkomboa mfanyabiashara kwa milioni 20."

"Familia ya kijana aliyeuawa na nyati yapata fidia ya Serikali."

"Wafugaji wakomboa ng'ombe 60 kwa faini."

"Polisi wamkomboa mtoto aliyetekwa, mtuhumiwa mmoja ashikiliwa."

Ya tatu itawagawa. Ipeni muda zaidi.